Nani Alikwenda Kupima Umbali wa Nyota?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nilipokuwa nikifundisha darasa la saba kuhusu Jua na sayari zake, niliwasomea kitabuni kwamba nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua iko umbali wa zaidi ya miaka minne ya nuru. Mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono akauliza: "Mwalimu, nani alikwenda huko na futi kamba?" Darasa zima likacheka, lakini mimi sikuwa na jibu. Je, wataalamu hupima kweli au hukisia tu? Na sisi tulio huku tutajuaje kwamba wamesema kweli?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na naomba umfikishie salamu zangu mwanafunzi aliyeuliza, kwa sababu hakusema jambo la kuchekwa. Swali lake limewashughulisha wataalamu wa falaki kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na sehemu yake moja inabishaniwa hadi leo. Kwa ufupi, hakuna mtu aliyekwenda, wala hatakwenda mtu katika umri wetu, lakini umbali huo umepimwa kwelikweli na haukukisiwa. Jinsi ulivyopimwa ni habari ndefu, nami nitaieleza kwa namna ambayo utaweza kuirudia mbele ya darasa, maana hatua ya kwanza ya kazi hii watoto wanaweza kuifanya wenyewe katika uwanja wa shule.

Nianze na hilo la kwenda. Chombo kilichofika mbali kuliko vyote vilivyoundwa na binadamu ni Voyager 1, ambacho Marekani ilikirusha tarehe 5 Septemba 1977. Kinasafiri kilomita 17 hivi kwa kila sekunde moja, na kwa mwendo huo mtu angetoka Kampala akafika Gulu kwa sekunde ishirini. Pamoja na mwendo huo, na baada ya karibu nusu karne angani, kimefika mahali ambapo mawimbi yake ya redio, yanayosafiri kwa kasi ya nuru, huchukua karibu siku moja kutufikia. Nuru ya nyota ya karibu huchukua zaidi ya miaka minne, na hiyo ndiyo maana ya umbali wa miaka minne ya nuru. Kama Voyager ingekuwa inaelekea kwenye nyota hiyo, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000. Kwa hiyo mwanafunzi wako ana haki: futi kamba haifiki huko.

Lakini mtu hahitaji kufika mahali ili apime umbali wake. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu ukingoni mwa Nile, si mbali na Karuma, mahali ambapo maji hayavukwi kwa kuogelea, nikawaambia wanipe umbali wa mti mmoja uliosimama ng'ambo. Tulipigilia kigingi cha kwanza mahali palipoelekeana sawasawa na mti ule, kisha tukatembea kufuata ukingo kwa mita 20 tukapigilia kigingi cha pili, na kamba tukaifunga kutoka kigingi hiki hadi kile. Katika kigingi cha kwanza, mstari wa kuelekea mtini ulifanya pembe mraba na kamba. Katika kigingi cha pili tuliweka kipimapembe kikubwa tulichokichonga kwenye plaiwudi, kijana mmoja akalaza jicho juu ya ukingo wake, akasoma nyuzi 84 na theluthi moja hivi. Pembetatu yenye upande mmoja unaojulikana na pembe mbili zinazojulikana haina siri tena, kwa hiyo tulipiga hesabu tukapata kwamba mti uko mita 200. Hakuna aliyelowesha mguu.

Kulikuwa na kikundi cha pili, nacho kilipata mita 170. Walisikitika, wakadhani wamekosea hesabu, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lao lilikuwa uzi mmoja tu wa pembe, labda mkono ulitikisika au plaiwudi iliteleza, na uzi huo mmoja ukala mita 30 za mto. Tulipouongeza upande wa chini wa pembetatu kutoka mita 20 hadi mita 60, kosa lilelile la uzi mmoja lilipoteza kama mita 12 tu. Naomba ukikumbuke kipande hiki, Mwalimu, kwa kuwa historia nzima ya kupima nyota imo ndani yake: kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo msingi wa pembetatu unavyotakiwa kuwa mrefu zaidi, na ndivyo pembe inavyotakiwa kusomwa kwa umakini mkubwa zaidi.

Msingi wa kwanza ulikuwa Dunia yenyewe, na ili kuutumia ilibidi kwanza ukubwa wa Dunia ujulikane. Kazi hiyo ilifanyika kwenye mto huohuo wetu, maelfu ya kilomita chini ya Karuma, huko Misri. Karibu mwaka 240 kabla ya Kristo, mtaalamu wa Kigiriki aitwaye Eratosthenes, aliyeishi Alexandria, alisikia kwamba katika mji ambao leo unaitwa Aswan kuna siku moja ya mwaka ambapo Jua la adhuhuri husimama utosini, hata mwanga wake hufika chini ya kisima. Sisi wa Uganda tunalijua jambo hilo vizuri, kwa sababu Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, na pale Kayabwe, barabara ya Masaka inapokata ikweta, hilo hutokea mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba. Siku hiyohiyo ya Aswan, Eratosthenes alipima kivuli Alexandria akakuta Jua limeinama kwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Akaamua kwamba umbali kati ya miji hiyo miwili ni sehemu moja ya hamsini ya mzunguko wa Dunia, akauzidisha mara hamsini. Kivuli kimoja na hesabu ya kuzidisha vilitosha kutoa ukubwa wa sayari nzima.

Dunia ikishajulikana, Mwezi si mgumu. Watu wawili wakiutazama kwa wakati mmoja kutoka sehemu mbili za Dunia zilizo mbali sana, kila mmoja huuona umekaa mahali tofauti kidogo mbele ya nyota za nyuma, na tofauti hiyo ndiyo pembe ya kigingi cha pili. Siku hizi kuna njia iliyo sahihi zaidi. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo maalumu mwezini mwezi Julai 1969, na hadi leo wataalamu huvielekezea mwale wa leza, wakahesabu muda wa kwenda na kurudi, ambao ni kama sekunde mbili na nusu. Umbali wa wastani ni kilomita 384,400, na vipimo hivyo vimekuwa vya makini kiasi cha kuonyesha kwamba Mwezi unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Umbali wa Jua ulisumbua zaidi. Uwiano wa umbali wa sayari ulijulikana tangu karne ya 17, kwa mfano kwamba Zuhura iko kwenye kama asilimia 72 ya umbali wetu kutoka kwenye Jua, lakini ilikuwa kama kuwa na ramani isiyoandikwa kipimo chake. Mwaka 1716 Mwingereza Edmond Halley alishauri kwamba Zuhura itakapopita mbele ya uso wa Jua, watu wasambae duniani, kila mmoja apime muda wa kupita huko kutoka mahali pake, kisha tofauti za muda zigeuzwe kuwa pembe. Alijua kwamba tukio lenyewe lingekuja mwaka 1761 na kurudi mwaka 1769, na kwamba yeye hangekuwa hai. Alifariki mwaka 1742, na waliokuja baada yake wakapanda majahazi wakaenda pande zote za dunia kufanya alichowaachia. Mimi huguswa na jambo hili kila ninapolifundisha. Zuhura ilipita tena mbele ya Jua tarehe 8 Juni 2004, na hapa Uganda ilionekana kuanzia asubuhi hadi mchana. Ilipita tena Juni 2012, na sasa atakayeiona ni yule atakayekuwa hai Desemba 2117. Sasa tunatumia rada, iliyoanza kurudisha mwangwi kutoka Zuhura mwaka 1961, na umbali wa wastani wa Jua umekubaliwa kuwa kilomita 149,597,870 na mita 700.

Uliuliza pia tutajuaje kwamba wamesema kweli. Katika hatua hii ushahidi umetufikia hadi mlangoni. Tarehe 3 Novemba 2013 nilikuwa Pakwach pamoja na umati mkubwa wa watu, kwa kuwa wataalamu walikuwa wametangaza miaka mingi kabla kwamba kivuli cha Mwezi kingepita pale jioni ile. Kivuli hicho kilikuwa chembamba sana, na mtu aliyebaki Kampala aliona Jua limemegwa tu. Baada ya saa kumi na moja jioni mwanga ukaanza kuwa wa rangi ya majivu, mama mmoja aliyekuwa akipanga samaki mezani akaacha kupanga akainuka, na kwa sekunde chache Jua likafunikwa lote. Kama umbali wa Mwezi au wa Jua ungekuwa umekosewa kwa kiasi cha maana, kivuli kile kingeangukia mahali pengine. Hesabu hiyohiyo hurudishwa nyuma pia: huko Biharwe, karibu na Mbarara, pana mnara wa ukumbusho wa siku ambayo, kwa masimulizi ya wazee, wavamizi kutoka Bunyoro walikimbia wakaacha ng'ombe waliowateka Nkore kwa sababu Jua lilipotea mchana, na hesabu za falaki zinaipa siku hiyo tarehe ya 17 Aprili 1520.

Sasa twende kwenye nyota. Tukishajua umbali wetu kutoka kwenye Jua, tumejipatia msingi wa pembetatu ambao hakuna ukingo wa mto unaoweza kuutoa. Dunia huzunguka Jua, kwa hiyo mahali tulipo leo na mahali tutakapokuwa baada ya miezi sita pametengana kwa kilomita milioni 300 hivi. Hivyo ndivyo vigingi vyetu viwili. Waambie watoto wanyooshe mkono, wasimamishe kidole gumba, wafumbe jicho la kushoto kisha la kulia, na wataona kidole kinaruka mbele ya ukuta ingawa hakikusogea. Nyota iliyo karibu hufanya vivyo hivyo mbele ya nyota zilizo mbali, tunapoitazama Januari kisha Julai. Kuhama huko kwa kuonekana huitwa paralaksi.

Wataalamu wa kale waliitafuta paralaksi wasiione, na wengine wakaifanya hoja ya kwamba Dunia haizunguki. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba nyota ziko mbali kupita walivyoweza kufikiri. Gawa uzi mmoja wa kipimapembe mara 3,600, nawe utapata kipande kiitwacho sekunde ya pembe. Nyota ya karibu kuliko zote baada ya Jua huhama kwa sekunde moja na nusu tu kati ya mwezi wa kwanza na wa saba. Ni sawa na kutazama punje ya mahindi yenye upana wa sentimita moja kutoka zaidi ya kilomita moja na robo, kisha useme upande wake wa kushoto uko wapi na wa kulia uko wapi.

Aliyeshinda kutangaza alikuwa Mjerumani Friedrich Wilhelm Bessel, mwaka 1838, aliyepima nyota hafifu iitwayo 61 Cygni, akapata paralaksi, ambayo wataalamu huihesabu kuwa nusu ya kuhama huko, ya karibu theluthi moja ya sekunde ya pembe. Jibu lake lilikuwa kama miaka 10.3 ya nuru, na vipimo vya leo vinasema 11.4, kwa hiyo alikuwa karibu mno na ukweli. Lakini napenda wanafunzi wetu wajue kwamba kipimo cha nyota ya karibu zaidi kilifanyika katika bara hili. Thomas Henderson, Mskoti, alipima Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1832 na 1833, akasita kutangaza kwa kuwa hakuwa na uhakika na chombo chake, na matokeo yake yakatoka mwaka 1839, muda mfupi baada ya Bessel. Baadaye, mwaka 1915, Robert Innes aligundua akiwa Johannesburg kwamba Alpha Centauri ina mwenzake mdogo mwekundu aliye karibu nasi zaidi kidogo. Huyo ndiye Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.25, na ndiye anayetajwa na kitabu chako. Haonekani kwa macho, lakini Alpha Centauri yenyewe mnaiona Bweyale jioni za Mei na Juni, upande wa kusini, ni ile nyota kali iliyo karibu na Msalaba wa Kusini.

Tarakimu peke yake hazimpi mtoto picha, kwa hiyo nenda na chungwa darasani. Chungwa la upana wa sentimita 7 liwe Jua. Dunia itakuwa chembe ya mchanga isiyofika milimita moja, iliyo hatua kumi hivi kutoka kwenye chungwa, yaani mita saba na nusu. Mshtarii itakuwa kama harage dogo lililo mita 39, na Neptuni, sayari ya mwisho, itakuwa mita 226, pengine nje ya uwanja wa shule. Ukiliweka chungwa hilo juu ya meza ya muuza matunda katika soko la Nakasero, Kampala, nyota ya Proxima itakuwa kitu cha ukubwa wa sentimita moja kilichoko Harare, Zimbabwe. Katikati hakuna chungwa jingine. Mimi nimeufundisha mfano huu kwa miaka mingi na bado nikifika hapo hunyamaza kidogo.

Tangu Bessel kazi imekuwa kusoma pembe ndogo zaidi na zaidi. Angahewa huzitikisa nyota, ndiyo maana tunaziona zikimeta, kwa hiyo Shirika la Anga la Ulaya liliamua kuipandisha darubini juu yake. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima nyota 118,000 hivi. Gaia, iliyorushwa tarehe 19 Desemba 2013 na kuzimwa Machi 2025, imetupa paralaksi za nyota zaidi ya bilioni moja.

Hapa nataka kukaa kidogo na kundi moja la nyota ambalo Waswahili wamelijua siku nyingi, yaani Kilimia. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima, na wakulima wa pwani waliacha msemo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jioni za Novemba na Desemba huchomoza mashariki kama kishada kidogo, wengi huhesabu nyota sita, wenye macho makali saba, ingawa kundi zima lina nyota zaidi ya elfu moja. Matokeo ya Hipparcos yalipotoka mwaka 1997, Kilimia kilionekana kiko umbali wa kama miaka 390 ya nuru, ilhali njia nyingine zilikuwa zikisema kama 435. Tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia kumi, na ilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa Kilimia hutumika kusahihishia njia nyingine za kupima, mfano wa jiwe la mizani ambalo muuzaji hulinganishia mawe yake yote. Jiwe hilo likipungua, kila kilo sokoni imepungua. Basi wataalamu wakabishana kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2014 kikundi kilichounganisha darubini za redio zilizo mbalimbali duniani kikapata kama miaka 444 ya nuru, na Gaia ilipokuja na paralaksi zake ikakubaliana nao. Hipparcos ilikuwa imekosea kuhusu Kilimia.

Sikueleza kisa hiki ili kuwadharau walioiunda Hipparcos, ambayo kwa mamia ya maelfu ya vipimo vingine ilifanya kazi ya kuheshimika. Nimekieleza kwa sababu ndicho ninachoweza kumjibu mtoto anayeuliza kama ni kukisia. Anayekisia hana njia ya kugundua kwamba amekosea. Hawa waligundua, kwa sababu jambo moja lilipimwa kwa njia tatu tofauti na njia moja ikakataa kuafikiana na wenzake, kama kile kikundi changu cha mita 170. Kwa hiyo nuru ya Kilimia utakayoiona mwezi Novemba iliondoka huko mwishoni mwa karne ya 16, miaka sitini hivi baada ya kupatwa kwa Jua kule Biharwe.

Mbali zaidi, pembe huwa ndogo mno hata kwa Gaia, na hapo ufundi hubadilika. Fikiri umesimama usiku kando ya barabara kuu ya Kampala na Gulu, unaona taa hafifu inakuja. Ni bodaboda iliyo karibu au lori lililo mbali? Huwezi kujua kwa mng'ao peke yake. Lakini kama kungekuwa na alama inayokuambia kwamba hiyo ni taa ya lori, ungeweza kukadiria umbali, kwa sababu taa ikienda mbali mara mbili hufifia mara nne, na ikienda mara tatu hufifia mara tisa. Aliyeipata alama hiyo kwa nyota ni Henrietta Swan Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha falaki cha Harvard, Marekani, akichunguza mabamba ya kioo ya picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Alikuwa akihesabu nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo, yaani mkusanyiko wa nyota nyingi mno, ambayo sisi tunaweza kuiona chini kusini usiku ukiwa na giza la kweli. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25, kwamba zile zinazochukua siku nyingi kumaliza zamu moja ndizo zenye nguvu zaidi. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa, kwa hiyo tofauti ya mng'ao ni tofauti ya nguvu kweli. Nyota hizo huitwa Sefeidi. Hesabu siku za zamu yake na utajua nguvu yake halisi, linganisha na mng'ao unaouona na utajua umbali.

Kwa ugunduzi huo ulimwengu ulipanuka mara moja. Mwezi Oktoba 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California, alikuta Sefeidi ndani ya kile kilichokuwa kikiitwa wingu la Andromeda, akapata umbali wa kama miaka 900,000 ya nuru. Galaksi yetu, ile tunayoiita Njia Nyeupe, ina upana wa kama miaka 100,000 ya nuru, kwa hiyo Andromeda haikuwa wingu la hapa kwetu bali galaksi nyingine kamili. Lakini hata Hubble alikuwa amepunja. Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba Sefeidi ziko za aina mbili zenye nguvu tofauti, na zilikuwa zimechanganywa, kama mtu aliyehesabu taa za lori na za basi dogo kuwa kitu kimoja. Leo Andromeda inajulikana kuwa kama miaka milioni 2.5 ya nuru. Inaonekana kwa macho matupu jioni za Novemba upande wa kaskazini, kama doa la ukungu, mahali pasipo na taa za umeme.

Mbali kupita hapo hutumika supanova za aina maalumu, nyota zinazolipuka kwa nguvu inayokaribiana, na kisha kupanuka kwa ulimwengu wenyewe. Kila hatua husahihishwa kwa ile iliyo chini yake. Ni hapo juu kabisa ambapo ubishi wa leo upo: wanaopima kwa Sefeidi na supanova wanapata kwamba galaksi hukimbia kwa kama kilomita 73 kwa sekunde kwa kila miaka milioni 3.26 ya nuru ya umbali, na wanaopima kwa mnururisho wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga wanapata 67 hivi. Inawezekana kuna kosa kama la Kilimia, na inawezekana kuna jambo la maumbile ambalo bado halijafahamika. Lakini umbali wa Proxima haumo katika ubishi huo hata kidogo, kwa sababu unatokana na pembetatu tupu.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakushauri usiwape jibu langu kwa maneno. Nenda nao uwanjani mkiwa na vigingi viwili, kamba, na kipimapembe kikubwa cha ubao, mchague mlingoti wa goli la mbali, msimame nyuma ya goli la huku, na vikundi viwili vipime bila kuambiana jibu. Vikitofautiana, msifute jibu la yeyote. Wabadilishane vigingi, warudie pembe, kisha muongeze msingi kutoka mita 10 hadi mita 30 muone tofauti inavyopungua. Uzuri wa uwanja ni kwamba, tofauti na Nile na tofauti na nyota, mnaweza kutembea hadi golini na kuhakiki. Siku hiyo mpeni futi kamba yule mwanafunzi aliyeiulizia.